Barua ya wazi kwa wanaowaambia vijana wa Lamu "ingia jeshi, utarusha ndege"

Langoni, Lamu

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia elimu, vijana na usajili katika kaunti yetu,

KUH: VIJANA WETU KUELEZWA MLANGO MMOJA NA KUFICHWA WA PILI

Assalaam alaykum, na kwa wasio Waislamu miongoni mwenu, salamu za heshima.

Mimi ni nahodha wa boti. Kazi yangu ni kuvusha abiria na mizigo yao kati ya mji wa Lamu na jeti (gati) ya Manda, kiwanja cha ndege kilipo. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono wangu, nimezifunga ndani ya mfuko wa plastiki zisirowe, na kila moja ikagongwa muhuri wa "imepokelewa" na karani aliyenambia nisubiri. Nimesubiri. Kusi limeingia likatoka, kaskazi imeshika. Sasa naandika mbele za watu. Ofisi sizitaji kwa jina. Wenyewe mnajijua, na nia yangu ni kupata jibu, si kumuaibisha mtu.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Tangu yuko shule ya msingi alikuwa akija jeti kila likizo kunisaidia kupakua masanduku. Masanduku yenyewe alikuwa akiyabeba huku shingo imegeukia angani. Akisikia mngurumo nyuma ya mikoko atasema, "Karavani hiyo, Mjomba," yaani ile ndege ndogo ya injini moja, kabla mimi sijaona kitu, au, "Hiyo kubwa, ina injini mbili." Wala hakosei.

Siku moja ndege iliharibika, rubani akalala mjini, na asubuhi nikamvusha mimi. Maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka kwa nguvu. Usukani alikuwa nao mpwa wangu, na kama tufanyavyo sote hapa, omo, yaani mbele ya boti, hakuielekeza kwenye jeti. Aliielekeza juu ya mkondo, boti ikawa yaenda ubavuubavu kama kaa, mpaka ikaja kugusa palepale tulipopataka. Yule rubani akacheka. Akamwambia, "Hivi ndivyo tunavyotua sisi upepo ukipiga ubavuni. Pua ya ndege inatazama kwengine, ndege inaenda kwengine." Kisha akamuuliza kama ajua hesabu ya pembe ile. Hakuijua. Akamchorea kwa kalamu nyuma ya tiketi: mshale wa boti, mshale wa mkondo, na mshale wa tatu wa pale utakapofika. Ile tiketi ilikaa ndani ya kitabu chake cha fizikia mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Alipata B ya wastani. Fizikia B, hisabati B ya kutoa, Kiingereza C ya kujumlisha. Nyumbani tulichinja mbuzi.

Sasa, shule ya urubani ya kiraia sisi hatuiwezi, na nadhani nyinyi mwajua hivyo. Leseni ya kwanza, ile ya kurusha kwa raha yako bila kulipwa, yataka angalau saa 40 za kuruka. Ile ya kazi, ya kubeba abiria kwa malipo, ni saa 200, zikipungua hadi 150 kwa anayesoma kozi nzima katika shule iliyoidhinishwa. Kila saa ya hizo ina bei yake ya mafuta, ndege na mwalimu, na shule nyingi ziko uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako kijana atalala na kula pia. Jumla yake ni mamilioni ya shilingi. Kwa nahodha wa boti hesabu hiyo haina mwisho. Ndiyo maana, mmoja wenu aliposimama barazani mwezi mmoja baada ya matokeo na kusema serikali ina njia ya kumsomesha kijana urubani bila ya mzazi kutoa senti, sote tuliinua vichwa.

Maneno yake nayakumbuka: "Jeshini ni jeshini. Ingieni kwanza, mambo ya ndege mtachagua mkiwa ndani." Mpwa wangu aliinua mkono akauliza kama akiingia kama kurutu ataweza kuwa rubani. Akajibiwa, "Kwa nini isiwe?" Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Mamangu, Mungu amrehemu, ndiye peke yake aliyekunja uso. Aliuliza, "Wanahewa? Wale wa mwaka wa themanini na mbili?" Kwa umri wake, jina hilo lilimkumbusha tarehe 1 Agosti 1982, jaribio la mapinduzi, na jeshi zima la wanahewa kuvunjwa na kuundwa upya. Tulimcheka kidogo. Hofu yake haikuwa ndiyo, lakini angalau yeye aliuliza swali la pili.

Siku ya usajili tulifika uwanjani kabla ya alfajiri. Vijana walivua mashati, wakapimwa urefu na uzito, wakatazamwa meno na nyayo, wakakimbizwa. Mpwa wangu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kurudi. Alipofika mezani na vyeti vyake, ofisa aliyevisoma aliinua macho, akamuuliza na B hii anatafuta nini pale. Akamwambia ataka kuwa rubani. Yule ofisa hakumdhihaki. Nasema hivi kwa haki yake. Alimweleza taratibu: "Kijana, rubani wa jeshi ni ofisa. Ofisa huingia kwa ukadeti, mafunzo ya maofisa. Tangazo lilikuwa moja hilihili, lakini maombi ya kadeti yalitumwa kabla, na muda wake umepita. Hapa tunachagua makurutu."

Alichaguliwa. Aligeuka kunitazama pale nilipokuwa nyuma ya kamba, na mimi sikujua nimpe uso gani. Nyumbani palikuwa na wadogo zake na mshahara ulihitajika, basi akaenda mafunzoni Eldoret na wenzake. Leo ni askari wa nchi kavu, hupiga simu Ijumaa, na sitasema yuko wapi. Kazi yake ni ya halali na ya heshima. Lakini kitu alichokwenda kukitafuta hakikuwa nyuma ya mlango alioelekezwa, na walioko ofisini walijua, au ilikuwa wajibu wao kujua.

Malalamiko yangu, basi, ni haya:

1. Mnachanganya milango miwili. Kwa matangazo ya miaka ya karibuni, kurutu wa kawaida anatakiwa awe na D ya wastani, umri kati ya miaka 18 na 26. Kadeti ataka B ya wastani, na C ya kujumlisha katika hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Kurutu huchaguliwa uwanjani siku moja. Kadeti hutuma maombi mapema, wakachujwa, na waliobahatika huitwa kwa usaili. Kurutu huenda Eldoret. Kadeti huenda chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru. Wapo makurutu wanaopelekwa Jeshi la Wanahewa wakafanya kazi nzuri za ufundi na ulinzi wa ndege, lakini anayekaa mbele na kushika usukani wa ndege ni ofisa. Kijana mwenye D aliyeambiwa "ingia kama kurutu" hajadanganywa akitaka uaskari. Kijana mwenye B na fizikia, mwenye kutaka urubani, akiambiwa hivyo amepotezwa.

Na hata ule mlango wa kadeti hamuuelezi ulivyo. Kadeti si mwanafunzi wa urubani aliyevaa sare. Ni ofisa kwanza. Atafunzwa uongozi na silaha, kisha jeshi litaamua linamhitaji wapi, na hata akiteuliwa kwa ndege, kuna mitihani na majaribio ambayo si kila mtu huyapita. Atakayeshindwa atabaki ofisa mwenye kazi nyingine. Atakayefaulu atalitumikia jeshi, pengine vitani, na akitoka hapewi leseni ya kiraia kama zawadi ya kuagwa. Atakwenda mbele ya mamlaka ya usafiri wa anga afanye mitihani yao. Mzazi ana haki ya kuyajua haya kabla ya kupiga makofi. Sisi wa Lamu twajua jeshi ni nini. Tumeishi na amri ya kutotoka usiku mwaka wa 2014, wavuvi wakilala na nyavu kavu. Asubuhi ya tarehe 5 Januari 2020 tuliamka na moshi wa ndege zilizochomwa na wavamizi pale kambi ya kijeshi ya Manda Bay. Kwa hivyo msituambie uanajeshi kama tiketi ya bure. Tuambieni bei yake, tuamue wenyewe.

2. Tangazo halitufikii, na likitufikia limechelewa. Gazeti lenye lile tangazo nililiona wiki tatu baadaye, nimefungiwa mahamri. Nililikunjua jeti, mafuta yameenea katikati ya ukurasa, na kwenye doa hilohilo la mafuta palikuwa na ile sehemu ya maofisa kadeti, imeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo, na tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku kumi na moja. Nilikaa nalo mpaka abiria wakaanza kuniita. Hapa na mimi nina lawama yangu: mtu mzima asingojee mahamri ndipo asome gazeti. Lakini ikiwa mimi wa mjini, ninayebeba abiria wenye magazeti kila siku, lilinipita, mnadhani hali ikoje Kizingitini, Ndau au Kiunga? Kijana wa Faza kuja Lamu hungojea boti ipitayo mkondo wa Mkanda, njia ya maji kati ya Manda na bara, na akifika mjini atafute mtandao wa kulipia, atume maombi, apige nakala za vyeti, alale kwa watu, arudi kesho. Kwa tangazo alilolisikia zikiwa zimebaki siku mbili, hilo haliwezekani. Barazani mlisoma sehemu ya makurutu pekee. Karatasi ilikuwa mkononi mwenu nzima.

3. Macho. Mtoto wa jirani yetu, baada ya mpwa wangu, aliupata mlango wa sawa. Alituma maombi ya kadeti, akaitwa, akafika kwenye vipimo vya daktari akafunguliwa kile kitabu cha vidoadoa vya rangi ambamo mwenye macho kamili huona nambari. Hakuona nambari. Ana miaka ishirini, amevua samaki tangu utoto, na hakuna aliyejua kwamba nyekundu na kijani kwake ni ndugu. Hitilafu hii huzaliwa nayo mtu, mtoto wa kiume huirithi kwa mamake, na huwapata wanaume kuliko wanawake. Kipimo chake hakizidi dakika kumi. Boti na ndege zote mbili zina taa nyekundu kushoto na kijani kulia, ndiyo maana marubani hupimwa rangi, na kwa kweli hata sisi manahodha tungepimwa. Kama kitabu kile kingefika shuleni alipokuwa kidato cha pili, yule kijana angechagua njia nyingine bila kuvunjika moyo mbele ya wageni. Nimeandika hili katika barua ya pili. Na wengine huacha kuomba kwa kudhani miwani ni kizuizi, ilhali rubani wa kiraia huruhusiwa miwani macho yakisahihishika.

4. Walimu wa fizikia. Mnajua idadi yao katika shule zetu, nami sitaandika mengi. Mpwa wangu muhula mzima wa kidato cha tatu alijifunza fizikia kwa kitabu na ile tiketi.

5. Vitambulisho. Hakuna usajili, wa kurutu wala kadeti, bila kitambulisho asilia. Kijana wa Kibajuni aliyeambiwa alete cheti cha babu yake, kisha akaitwa mbele ya wazee kupigwa msasa, kisha akangoja, aliweza kuwa na A na bado tangazo likampita akiwa kwenye foleni.

Najua mtakalojibu, maana nimeshalisikia kwa karani na kwa wakubwa wa karani.

Mtasema tangazo lilikuwa wazi kwa nchi nzima. Sawa. Na bahari iko wazi kwa kila mtu, lakini mwenye boti na asiye na boti hawavuki sawa. Nyinyi mmewekwa hapa, mkapewa ofisi na mashine ya mafuta nje, kwa kazi ya kupeleka habari pale ambapo gazeti halifiki.

Mtasema masuala ya jeshi ni siri ya usalama. Masharti yaliyochapishwa gazetini si siri. Sikuulizeni ndege ngapi ziko wapi. Nauliza kwa nini nusu ya ukurasa haikusomwa.

Mtasema aliyezungumza barazani si mwanajeshi, alikuwa akiwatia moyo vijana tu. Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu nililiambiwa uso kwa uso, na kicheko juu yake. Mtu akisimama na kipaza sauti cha serikali, maneno yake ni ya serikali. Asiyejua jibu angesema "sijui, nitauliza". Neno hilo halina gharama, na lingemwokoa mpwa wangu.

Na kuna atakayesema vijana wa Lamu hawafikishi alama. Wengi hawafikishi, kweli. Rudini namba nne. Lakini huyu alifikisha.

Mheshimiwa anayeona hili ni dogo, la mtoto mmoja na ndoto yake, na afungue Katiba, Kifungu cha 241. Imeandikwa kwamba uongozi wa majeshi ya ulinzi uonyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Uongozi huo watoka kwa maofisa, na maofisa watoka kwa makadeti. Mkiendelea kuwaelekeza watoto wetu wenye B kwenye foleni ya makurutu, basi miaka ishirini ijayo ofisa atakayeletwa kutulinda hapa atakuwa tena mgeni wa kuonyeshwa njia ya Mkanda, na sisi tutakuwa tena watu wa kulindwa na kushukiwa.

Ninachoomba nimekiandika mara tatu, na nakirudia.

Tangazo lijalo lisomwe lote, makurutu na makadeti, kwa Kiswahili, na alama zake na tarehe zake za mwisho. Lisomwe redio za hapa nyumbani, lipelekwe misikitini na makanisani, libandikwe jeti ya Lamu, Mokowe, Faza, Kizingitini na Kiunga katika wiki ileile linapotoka Nairobi. Mkikosa mtu wa kulipeleka, nipeni mimi. Petroli nitatia mwenyewe.

Awekwe mtu mmoja Lamu Mashariki, mwenye kompyuta na mtandao, kwa siku zote ambazo maombi ya kadeti yako wazi. Huyo pia apewe orodha ya waliokwama kwa kitambulisho, aifuatilie.

Macho ya wanafunzi wa kidato cha pili yapimwe rangi. Kitabu ni kimoja, chaweza kuzunguka shule zote.

Na mnijibu kwa maandishi: katika miaka mitano iliyopita, wangapi kutoka kaunti hii waliomba ukadeti, na wangapi waliitwa? Kifungu cha 35 cha Katiba chanipa haki ya kuuliza, na sheria ya mwaka wa 2016 ya kupata habari yawapa nyinyi siku 21 za kujibu. Kama hesabu hiyo iko ofisi nyingine, sheria hiyohiyo yataka mulihamishie huko swali langu, si muliweke chini ya lile faili la barua zangu.

Siku hizo naanza kuzihesabu leo. Jibu likiwa tayari si lazima mniite; niko jeti ya Lamu tangu saa moja asubuhi mpaka ndege ya mwisho iondoke. Mdogo wake mpwa wangu, msichana, yuko kidato cha tatu. Kile kitabu cha fizikia sasa anacho yeye, na tiketi imo ndani. Juzi tulipokuwa tukivuka alinitaka nimwachie usukani maji yakiwa yanatoka, na omo akaielekeza juu ya mkondo bila ya kuambiwa.

Wenu kwa heshima,

Nahodha wa boti ya abiria, Lamu–Manda